Mbuzi Ndani ya Boksi: Kwa Nini Mtambo wa Muziki Usiotumika Si Mpya

Leo tunaziweka kando programu na kuzungumzia mpira, grisi na kioo. Msinikimbie. Kabla hatujafika mwisho mtaona kwamba ni mambo yale yale tunayopambana nayo kwenye kompyuta kila siku.

Ukipita kwenye masoko ya mtandaoni hukosi kukutana na matangazo ya vifaa vya muziki vya miaka ya 1970 na 1980. Walkman, amplifaya, redio kaseti, spika. Vilivyotumika vina bei yake. Lakini kila mara kuna kimoja ambacho bei yake imepanda mti, mara mbili, mara tatu, wakati mwingine mara tano ya vingine. Ukisoma maelezo unaambiwa: hakijawahi kutumika, kiko ndani ya boksi lake, hakijaguswa tangu kilipotoka kiwandani.

Mnunuzi anapiga hesabu ya haraka. Kilichotumika kimechakaa, kisichotumika hakijachakaa, basi hiki ni kipya, na kitu kipya kina thamani zaidi. Hesabu inaonekana safi. Ina kasoro moja tu: inahesabu matumizi na kusahau kuhesabu miaka.

Imani hii lakini haikutoka hewani. Ina historia yake, na ukiijua historia hiyo ni vigumu mtu kukuuzia mbuzi ndani ya boksi.

ILIANZIA KWENYE VALVU

Kabla ya transista, ambayo ilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mnamo Desemba 1947, redio na amplifaya zilitegemea valvu. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto pamoja na vipande vya chuma. Ukipashwa moto, sehemu iliyopakwa kemikali maalum hutoa elektroni, na elektroni hizo ndizo zinazobeba na kukuza sauti. Wale ambao wazee wao walikuwa na redio kubwa za mbao wanajua: unawasha, unangoja ipate moto, ndipo sauti inakuja.

Sasa angalia kinachochakaa kwenye valvu. Ni ile kemikali inayotoa elektroni, nayo huisha kwa kupashwa moto. Valvu ambayo haijawashwa haijaanza kuisha. Kioo hakiozi. Ndani hamna hewa ya kushambulia chuma. Hata hewa kidogo iliyobaki kiwandani hunyonywa na madini ya bariamu, yale unayoyaona kama doa la rangi ya fedha kwenye kioo. Doa hilo likigeuka jeupe, ujue hewa imeingia na valvu imekufa. Likiwa bado linang'aa, valvu ya 1958 inaweza kufanya kazi leo kama ilivyofanya siku ilipotoka kiwandani.

Transista ziliposhika soko, viwanda vya valvu vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine. Lakini majeshi hayakuacha valvu haraka. Mnamo 6 Septemba 1976, rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alitoroka na ndege ya kivita aina ya MiG-25 akatua Hakodate, Japani. Wataalamu walipoifungua ndege hiyo iliyokuwa inaogopwa sana, walikuta vifaa vyake vya rada vimejaa valvu. Na pale ambapo jeshi linatumia kitu, huwa na ghala limejaa akiba yake.

Akiba hizo zilikuja kuuzwa. Wanunuzi walikuwepo: wapiga gitaa ambao amplifaya zao hazikuacha kutumia valvu, na wapenzi wa sauti walioamini kwamba valvu za zamani za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn kule Uingereza, au za Telefunken ya Ujerumani, zina sauti tamu kuliko za viwanda vya baadaye. Biashara ikachangamka, na likazaliwa neno la kibiashara la herufi tatu ambalo utaliona kila mahali: NOS. Maana yake ni bidhaa ya zamani ambayo ilibaki ghalani na haikutumika.

Kwa valvu, basi, neno hilo lina ukweli ndani yake. Hatari iko kwingine. Jina la kampuni limepigwa chapa juu ya kioo kwa wino tu, na wino unafutika. Mtu anachukua valvu ya bei rahisi, anafuta jina, anapiga chapa ya jina kubwa, anatafuta boksi linalofanana na la zamani. Tena hata enzi zile kampuni zilikuwa zinauziana valvu na kubandika majina yao, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kiwanda. Ndiyo sababu wanunuzi wazoefu wa valvu ndogo za Telefunken hutazama chini, katikati ya pini, kutafuta alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe. Wino unaweza kughushiwa jikoni. Kioo kilichofinyangwa ni kazi nyingine.

Watu walizoea hivyo kwa miaka mingi: kisichotumika ni kipya. Kosa lilikuja pale walipoichukua imani ya kioo na kuivisha mpira.

WALKMAN YA 1979

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 katika maonyesho ya Berlin. Miaka 16 baadaye Sony ya Japani ikafanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu. Ilichukua kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, kilichoitwa Pressman, ikaondoa uwezo wa kurekodi, ikaondoa spika, ikaweka sauti ya stirio na hedifoni nyepesi. Mwanzilishi mwenza wa kampuni, Masaru Ibuka, alitaka kitu cha kusikilizia muziki kwenye safari ndefu za ndege. Mwenzake Akio Morita akalisimamia wazo hilo hata wengine walipouliza nani atanunua kinasa kisichoweza kunasa.

Walkman ya kwanza, modeli TPS-L2, iliingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa bei ya yen 33,000. Sony ilitengeneza 30,000 za kuanzia. Mwezi wa kwanza ziliuzwa kama 3,000 tu, na pengine kuna watu ofisini walioanza kukosa usingizi. Kufikia mwisho wa Agosti zote zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya machungwa cha kupunguza muziki ili waweze kuongea.

Sitaki kuwachosha na umaarufu wake. Nataka tuifungue tuone ndani mna nini.

Kuna mota ndogo. Kuna mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kuzungusha gurudumu zito la chuma. Kuna gurudumu dogo la mpira linalobana utepe wa kaseti dhidi ya kipini cha chuma ili utepe uende kwa mwendo ulio sawa. Kuna grisi kwenye vyuma vinavyosugua. Kuna bodi ya saketi yenye kapasita. Kuna swichi za chuma. Kuna sponji kwenye hedifoni. Na kuna nafasi ya betri mbili ndogo.

Pitia orodha hiyo tena ukijiuliza swali moja: kipi kati ya hivyo kinangoja kutumika ndipo kizeeke?

Mkanda wa mpira ukikaa miaka 40 umevutwa juu ya magurudumu yale yale, bila kuzunguka, unashika umbo la hapo ulipo. Siku ukizungushwa, unavuta kwa vipindi na muziki unayumba kama mlevi. Mikanda mingine hugeuka kabisa na kuwa kitu cheusi kinachonata mithili ya lami, kinachopaka kila kitu na hakitoki kwa urahisi. Gurudumu la mpira hukauka na kuwa gumu, na kama lilikaa limebanwa linapata upande ulio bapa. Grisi hupoteza mafuta yake na kubaki gundi, hivyo sehemu iliyotakiwa kuteleza inakwama. Swichi ambazo haziguswi hujenga utando kwenye chuma, na matokeo yake ni mkwaruzo au ukimya. Sponji ya hedifoni inavunjika kuwa unga ukiigusa. Na kama kuna mtu aliacha betri ndani, basi tindikali au alkali yake imekula vyuma vya kugusia, na huenda imefika hadi kwenye bodi.

Mashine iliyotumika na kutunzwa ina nafuu hapa. Mpira wake ulikuwa ukizunguka, na ulipochoka, fundi aliubadilisha. Grisi ilifutwa ikawekwa mpya. Kasoro zilijitokeza zikatibiwa. Ile ya boksi haikuwahi kumwona daktari hata siku moja.

Sony yenyewe ilitoa baadaye mfululizo wa Walkman za WM-DD, kuanzia 1982, ambazo gurudumu lake zito linaendeshwa na mota bila kupitia mkanda ule mrefu. Watozaji huzipenda sana. Lakini katikati ya mashine hizo kuna gia ndogo ya plastiki iliyoshindiliwa kwenye chuma, na gia hiyo imejulikana kwa kupasuka. Ikipasuka, mashine inapiga kelele ya tik tik inapocheza. Plastiki iliyobanwa juu ya chuma inabaki imebanwa usiku na mchana, ndani ya boksi au nje yake.

KAPASITA HAZIKUBALI LIKIZO

Hapa ndipo watu wa kompyuta tunapoingia. Kapasita za aina inayotumika sana kwenye mitambo ya sauti zina karatasi nyembamba za alumini na kimiminika cha kemikali. Kinachotenganisha pande mbili ni utando mwembamba sana wa oksidi juu ya alumini. Utando huo hutengenezwa kwa umeme na hudumishwa kwa umeme. Kapasita ikikaa miaka mingi bila umeme, utando unadhoofika. Ukiichomeka ghafla kwenye umeme wake kamili, mkondo unavuja, inapata joto, na inaweza kupasuka. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hawawashi amplifaya iliyolala miaka 30 kwa kuichomeka tu ukutani. Hupandisha umeme polepole, au hutanguliza balbu ya zamani ya waya kwenye njia ya umeme ili balbu ibebe mzigo endapo ndani kuna hitilafu.

Kuna kizazi kibaya zaidi, cha mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990. Watengenezaji walianza kutumia kapasita ndogo zinazokaa moja kwa moja juu ya bodi. Nyingi za kizazi hicho zilivuja kupitia mpira wa chini, na kimiminika chake kinakula nyaya za shaba kwenye bodi. Kompyuta ya Macintosh SE/30 ya 1989 ni mfano mashuhuri. Mchezo wa mkononi wa Game Gear wa Sega, wa 1990, ni mwingine. Vifaa vya kusikilizia muziki vya miaka hiyo havikupona. Kuvuja huko hakungoji mtu awashe. Unaweza kufungua boksi lililofungwa tangu 1991 ukakuta bodi imeliwa, na nje kifaa kinang'aa kama kimetoka dukani asubuhi hiyo.

Watu wa programu jambo hili si geni kwetu. Chukua programu iliyoandikwa 2008, iweke kwenye folda, usiibadilishe hata herufi moja. Ifungue leo. Haifanyi kazi. Maktaba ilizotegemea zimebadilika, mfumo wa kompyuta umebadilika. Waliokuwa na michezo iliyojengwa kwa Flash waliliona hili waziwazi: Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze. Mafaili hayakuharibika. Yalikuwa yale yale. Kutoguswa hakukuyasaidia.

KWA NINI BEI IMEPANDA HIVI

Sony iliuza Walkman za kaseti zaidi ya milioni 200 duniani, kisha mwaka 2010 ikaacha kuzitengeneza kwa soko la Japani. Mwaka 2014 ikatoka filamu ya Guardians of the Galaxy, ambayo shujaa wake hatembei bila TPS-L2 na kaseti yake. Vijana ambao hawakuwahi kurudisha utepe wa kaseti kwa kalamu ya Biki wakaanza kuitafuta. Bei ikaruka.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Vichezea kaseti vingi vinavyotengenezwa sasa hutumia mashine ya ndani ya muundo mmoja wa bei nafuu unaonakiliwa viwandani China. Wahandisi wa zamani walistaafu na mitambo ya kiwandani ilitupwa. Kwa hiyo anayetaka mashine bora ya kaseti analazimika kurudi nyuma, na kilichopo nyuma hakiongezeki.

Bidhaa haiongezeki, wanaoitaka wanaongezeka, na juu ya hayo imekaa ile imani ya kale ya valvu. Muuzaji akiandika tu kwamba haijatumika, bei inajipandisha yenyewe.

KITENDAWILI CHA BOKSI

Sasa tazama mtego wenyewe. Ili ujue kama mashine inafanya kazi ni lazima uifungue na kuicheza. Ukishaifungua, haiwi tena ile isiyofunguliwa, na sehemu kubwa ya bei uliyolipa inayeyuka papo hapo. Usipoifungua, huwezi kujua umenunua nini. Muuzaji naye analijua hili vizuri, kwa hiyo kutojaribu kwake kunageuka kuwa sifa ya bidhaa. Nieleze ni biashara gani nyingine ambapo mtu anakuomba ulipe zaidi kwa sababu hajaangalia kama kitu kinafanya kazi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mashine iliyotumika na kutengenezwa na fundi inauzwa shilingi 40,000, na ile ya boksi inauzwa 120,000. Uliyoongeza ni 80,000. Na ukitaka kusikiliza muziki, ile ya boksi bado inahitaji mkanda mpya, gurudumu la mpira, kusafishwa, grisi, na labda kapasita. Baada ya kazi hiyo una mashine iliyofunguliwa na kutengenezwa na fundi, sawa na ile ya 40,000. Zile 80,000 zimenunua karatasi na raha ya kufungua boksi mara moja. Kwa kijana anayeanza kazi Nairobi, hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa, au laptop ya kumpatia riziki.

Wapo wanaosema ni uwekezaji, kwamba watauza kwa bei kubwa zaidi baadaye. Inawezekana. Lakini kila mwaka unaopita mpira unazidi kuoza na kapasita zinazidi kukauka. Unashikilia kitu ambacho thamani yake iko kwenye matumaini ya watu, huku chenyewe kinaharibika taratibu gizani.

UKITAKA KUNUNUA HATA HIVYO

Sisemi msinunue vitu vya zamani. Vingi ni vizuri, vingine vimeundwa kwa uangalifu ambao siku hizi ni nadra. Ila jueni mnachonunua.

Kwanza, ulizeni swali tofauti. Badala ya "imetumika?", ulizeni "imefunguliwa na nani, na nini kilibadilishwa?" Muuzaji mwenye mashine iliyofanyiwa kazi atakuonyesha mkanda mpya, atakutumia video inayocheza, atakutajia sehemu zilizobadilishwa. Jibu la kwamba haijaguswa ni sababu ya kupunguza bei.

Pili, tazameni umeme. Amplifaya au dekki iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani inatumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Hapa kwetu ni 240. Mashine ya Japani ukiichomeka ukutani Nairobi bila transfoma ya kushusha umeme, inaweza kuungua siku hiyo hiyo, na hakuna atakayekurudishia pesa. Ongezeni pia nauli ya kusafirisha, ushuru wa forodha na VAT kabla hamjasema bei ni nzuri.

Tatu, spika. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji kuzunguka koni. Sponji hiyo huoza kwa hewa na unyevu hata spika ikiwa kwenye kartoni. Kwa wakazi wa Mombasa na Lamu, unyevu hausubiri. Ombeni picha ya karibu ya ukingo huo, kisha muulize kama ulibadilishwa.

Nne, msiidharau plastiki ya kufungia inayong'aa. Mashine ya kuzungushia plastiki ni kitu cha kawaida, na boksi lililofunguliwa jana linaweza kuonekana halijafunguliwa tangu zamani.

Tano, mtafute fundi kabla ya kununua. Kwenye Luthuli Avenue na vibanda vya jirani wapo mafundi ambao wametengeneza redio kaseti tangu zilipokuwa mpya. Muulize kama anaweza kupata mkanda wa kipimo hicho, na kama ameshawahi kufungua modeli hiyo. Akitikisa kichwa, funga pochi yako.

Na kama unachotaka ni boksi lenyewe, la kuweka kabatini na kutazama, hilo nalo ni pendo lako, hakuna wa kukukataza. Makumbusho hufanya hivyo. Lipa ukijua unalipia boksi na historia yake. Sauti ni habari nyingine.

Wahandisi waliounda TPS-L2 waliipa matundu mawili ya hedifoni ili mtu asisikilize peke yake. Walitaka itembezwe, ianguke, ibadilishwe betri, iende kwa fundi na irudi. Iliyofanyiwa hayo yote ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kucheza kaseti yako leo jioni.